Konzi ya Jirani

Watu wa Vinuni walihamishwa kwa sababu kijiji chao kilikuwa kizuri mno kukaliwa na watu. Msicheke. Ndivyo barua ilivyosema, nayo ilisomwa mbele ya kinu, mchana kweupe, na mtu aliyevaa viatu vipya. Alisema zile nyumba za mawe, zilizojipanga kando ya mto tangu enzi ambazo mto wenyewe ulikuwa haujaamua upite wapi, ni urithi. Alisema urithi haupikiwi ndani. Ukipika, moshi unaacha masizi. Ukilaza watoto, wanachora ukutani kwa mkaa. Ukifia humo, ndugu zako wanang'oa mlango ili jeneza lipite. Kwa hiyo wenye nyumba wakaombwa, kwa heshima zote, waondoke ili nyumba zao zibaki. Wakaondoka. Walijengewa makazi mapya ng'ambo, mlimani, penye mashine ya umeme inayomaliza gunia kabla hujamaliza kumsalimia jirani. Ni miaka mingapi sasa? Hapo ndipo penye kazi. Ukiuliza ng'ambo watakwambia thelathini na kitu. Ukiuliza langoni Vinuni watakwambia ni leo, maana ndani ya uzio ile siku ya barua haijaruhusiwa kuisha. Kila asubuhi wanaifungua, jioni wanaifunga, na kesho yake ni ile ile.

Katika asubuhi moja kati ya hizo, Sikitu alishuka mlimani akavuka daraja. Ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, hasira zake karibu na machozi yake mbali. Mke wa Mahundi, msagaji wa mwisho wa Vinuni. Niseme mjane, ingawa yeye neno hilo hakuwahi kulitumia. Kifuani, chini ya kanga, alikuwa amefunga kibaba cha mahindi meupe. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba leo mchana kinu kitapigwa pini: chuma kinene kitapitishwa katika jiwe la juu mpaka jiwe la chini, yasizunguke tena mpaka mwisho wa dunia, wageni wayaguse bila hofu. Sikitu alitaka jambo moja tu kabla ya hiyo pini. Alitaka mawe yazunguke mara moja, asage kibaba chake, na aache konzi.

Konzi hiyo wageni hawaambiwi, kwa sababu haionekani. Mawe ya kinu hayaachwi kuzunguka matupu. Nafaka ikikatika, jiwe linakula jiwe, cheche zinaruka, na meno yaliyochongwa kwa siku arobaini yanakwisha kwa dakika mbili. Basi msagaji wa Vinuni hufunga maji kabla unga wa mwenye gunia haujaisha, na kiasi cha konzi moja, ujazo wa kiganja, hubaki mle katikati ya mawe. Anayefuata huondoka na konzi ya aliyemtangulia, akaacha yake. Waliiita konzi ya jirani. Kwa hiyo hapakuwa na mtu Vinuni aliyepata kula ugali wake peke yake. Walionuniana miaka saba walikula unga wa mmoja katika chungu cha mwingine, na walijua, wakala, wakaendelea kununa. Hata bibi arusi aliyekuja kutoka mbali, akishasaga mara ya kwanza, wanawake walisema ameshatumeza, na kuanzia hapo hakuitwa mgeni.

Sikitu ndiye aliyelikata hilo. Ukweli usemwe, ingawa nampenda. Siku ya barua, yeye alitaka kwenda ng'ambo na Mahundi hakutaka. Mahundi alisema kinu bila msagaji ni mawe mawili yaliyolaliana. Sikitu alisema mwanamume anayechagua mawe akalale nayo. Wakasaga gunia lao la mwisho bila kutazamana, na Mahundi alipoweka mkono kwenye lango la maji afunge, Sikitu akaushika ule mkono. "Usifunge," alisema. "Unga wangu wote utoke. Sina jirani tena hapa wa kumwachia konzi." Akamshikilia. Mawe yakanguruma, yakapiga kelele ambayo hakuna aliyewahi kuisikia Vinuni, harufu ya kuungua ikatanda, na Mahundi, mtu mzima mwenye mikono mizito, akalia waziwazi mbele ya watu wenye mizigo kichwani. Sikitu akafunga gunia lake akavuka daraja. Unga ule ulikuwa na mchanga wa jiwe tele. Waliula mwezi mzima huko mlimani, kila tonge likikwaruza, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

*

Langoni walimvisha mifuko ya kitambaa miguuni, udongo wa nje usichanganyike na udongo wa ndani. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akamuuliza anaingiza nini.

"Mwili wangu," alisema Sikitu.

"Huo utautoa, mama?"

"Nitajitahidi."

"Kilichomo kinabaki, kilichoingia kinatoka," kijana alisema, bila utani, akampisha.

Kibao cha kwanza alichokiona kilikuwa cha nyumba namba tatu. Nyumba zote zilikuwa na vibao, vidogo, vyeupe, vimepigiliwa kando ya milango ambayo zamani haikuhitaji namba kwa kuwa kila mtu alijua nani anakoroma wapi. Hapo namba tatu Sikitu alikuwa na miaka sitini na mitatu na goti la kulia lilimuuma. Akapita ghala, namba tano, kuta zake zimepakwa chokaa hata pale palipokuwa na alama za viganja vya wapakiaji, na hapo akawa na miaka ishirini, goti haliumi, na kwenye mlango wa ghala kasimama kijana mwenye unga kwenye nyusi anayemwambia atamsagia bure maisha yake yote. Akacheka kwa sauti. Watalii wawili wakageuka. Akafika kisimani, namba saba, akawa na miaka thelathini, ana homa, na anajua kwamba mtoto wao wa pili hatapona. Akashika ukingo wa kisima, nao ulikuwa umefunikwa kioo. Hivi ndivyo palivyo Vinuni. Nyumba zimezuiwa zisizeeke, basi miaka, ikikosa pa kukaa, humrukia yeyote anayepita.

Hamu ilimshika hapo kisimani. Siyo kumbukumbu, kumbukumbu alikuwa nazo kila siku akiosha vyombo. Hii ilikuwa hamu yenyewe, inayoshika chini ya mbavu, hamu ya mtu mmoja na mikono yake na kikohozi chake cha asubuhi. Alimtaka Mahundi. Alimtaka akiwa hai, mbishi, amechafuka unga. Akasimama akaiacha imtafune.

*

Nilikuwa sahihi. Nyumba huwa haili, haivai, haiugui, Sikitu alijiambia. Kwa nini mtu abaki na nyumba?

Nilikuwa sahihi na nikalala peke yangu.

Kama kijiji kinabaki na watu wanakwenda, basi kijiji ni kipi? Kuta? Sisi? Kile kilichokuwa katikati?

Mahundi alituma ujumbe mara tatu. Mara ya kwanza kwa mama anayefua nguo mtoni. *Mwambie mke wangu nimelichonga jiwe upya. Aje aonje.* Nikasema, aonje mwenyewe.

Mara ya pili, aonje mwenyewe.

Mara ya tatu sikujibu.

*

Hilo la kuonja nalo lazima nilieleze, tena mapema, tusije tukafika mbele tukapotezana. Mawe yakishachongwa, unga wa kwanza huwa na chenga za jiwe. Unasagwa, unaonjwa, unamwagiwa kuku. Unasagwa tena, unaonjwa tena, mpaka ulimi usikute kitu. Msagaji hawezi kuonja mwenyewe. Amevuta vumbi la jiwe tangu ujana, limekaa mdomoni mwake mpaka halitofautishi; kwake yeye unga na mchanga ni ladha moja. Ndiyo maana kazi hiyo ni ya mke wake. Anatia unga mkavu kwenye ulimi, anafumba macho, na kijiji kizima kimesimama nje na makapu. Akisema "Bado," wanarudi nyumbani. Akisema "Tayari," vigelegele. Kabla ya neno hilo hakuna anayeruhusiwa kuyagusa yale mawe, awe chifu, awe mwenye njaa. Sikitu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliposema aonje mwenyewe, alijua anamwambia mtu asiye na mikono ajikune mgongo.

Isitoshe, hakuamini. Mawe aliyoyaona yakiungua yalikuwa yamekufa, na Mahundi alikuwa peke yake, mzee, na wahifadhi wa Vinuni walikuwa wamemruhusu abaki kwa sharti moja, kwamba asifanye kazi. Angechonga lini? Alidhani ni hila ya mwanamume mpweke, ya kumvuta tu. Na labda angevutika, kama hasira zake zingechelewa kidogo siku moja.

*

Nyumba namba tisa ilikuwa yake. Ndani, kwenye kigoda chake, alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amefunga kitenge cha maua mekundu kama alivyofunga yeye, ana ungo mapajani, anapepeta.

"Karibu nyumba namba tisa," alisema yule mwanamke kwa sauti ya kukariri. "Mimi ni Sikitu, mke wa msagaji. Kila asubuhi napepeta unga nikimsubiri mume wangu Mahundi atoke kinuni. Hatujawahi kutengana hata siku moja."

Sikitu wa kweli alitafuta ukuta wa kuegemea, akakumbuka haruhusiwi, akasimama hivyo hivyo.

"Hata siku moja?" aliuliza.

"Hata moja, mama. Huu ni unga wa kinu chetu, ukipenda utauona nikiuonja." Akachota kidogo, akatia ulimini, akafumba macho kwa madaha. "Tayari!" Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mtalii mwingine chumbani, akafumbua jicho moja. "Hapa huwa wanapiga makofi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo neno unalisema mara ngapi kwa siku?"

"Kumi na mbili. Jumamosi ishirini."

"Na unga wa wapi huo?"

"Wa dukani," alinong'ona. "Usinichongee."

"Jina lako nani?"

"Nyamizi. Lakini nikiwa hapa ni Sikitu. Wewe je, mama?"

"Mimi ni Sikitu."

Nyamizi akacheka kwa upole, kama wanavyocheka watu na wazee waliochoka. "Hapana, mama yangu. Sikitu ni mimi mpaka saa kumi."

Sasa hebu fikiria. Unakwenda nyumbani kwako na unakuta yule wewe ambaye hakuondoka. Amekaa, amependeza, hajagombana na mtu. Kila asubuhi anamsubiri mume ambaye wewe hukumsubiri. Hajui kwamba ni mwongo, au anajua na ndiyo kazi yake. Sikitu alimtazama yule binti kwa wivu uliomwaibisha. Angetoa miaka yake yote ya ng'ambo, na televisheni na tangi la maji, akae kwenye kile kigoda mpaka saa kumi tu.

Pembeni palikuwa na kiti cha mbao kilichozungushiwa kamba. Hakukiulizia. Nyamizi ndiye aliyemwona akikitazama.

"Hicho ni cha yule mzee," alisema, akiwa ameacha sauti ya kukariri. "Wanasema siku walipokuja kuhakiki vitu vya nyumba hii waliandika: kiti kimoja, na mtu mmoja, ameketi. Wakaenda nyumba namba kumi. Ni kesho yake ndipo mtu alipogundua kwamba hapumui. Lakini karatasi ilikuwa imeshagongwa mhuri. Mpaka leo ukisoma orodha, yumo."

"Walimzika nje ya uzio," alisema Sikitu. "Ndani hairuhusiwi kuchimba. Nilikuwepo. Nilisimama upande wa nje."

Nyamizi akaweka ungo chini polepole. Akamtazama mgeni wake usoni, halafu akatazama picha ya zamani iliyotundikwa juu ya mlango, mwanamke kijana mwenye kitenge cha maua. Akairudia sura hii, akairudia ile.

"Wewe ndiye yeye," alisema. Akainuka kwenye kigoda, kwa haraka, kana kwamba ameketi juu ya mtoto wa mtu. "Nisamehe, mama. Sikujua. Mimi walinipa karatasi tu nikasoma."

"Kaa, mwanangu. Saa kumi bado. Nisaidie nifike kinuni."

*

Kinu kilikuwa kama alivyokiacha, na hilo ndilo lililomuumiza. Gurudumu kubwa la mbao limesimama, kuvu ya kijani imelipanda mpaka kwenye ekseli, na mto unapita pembeni yake ukiwa na haraka zake. Ndani, mawe mawili yamelaliana. Walikuwepo mafundi wawili wenye nyundo, pini ndefu imelazwa kwenye kitambaa chekundu, watalii wachache, na Bwana Kisumbe, Mhifadhi Mkuu wa Vinuni, mtu safi, mpole, mwenye orodha kubwa kifuani ambayo aliipenda kwa dhati. Sitamsema vibaya. Yeye ndiye aliyeziba paa miaka ile ya mvua. Bila yeye kungekuwa na kichaka. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba aliamini kitu kikiandikwa kimeokoka.

"Baba," alisema Sikitu, ingawa Kisumbe alikuwa na umri wa mwanawe. "Naomba kabla hamjapiga hiyo pini, jiwe lizunguke mara moja."

"Vinuni hakizunguki kitu, mama. Tukianza na jiwe, kesho mtu atataka kuwasha moto."

"Kibaba kimoja tu."

"Samahani sana. Ningeweza ningekubali." Na sauti yake ilionyesha kwamba anasema kweli. Akawapa mafundi ishara.

Fundi mmoja akainua pini. Sikitu aliona imeelekezwa kwenye tundu la jiwe la juu. Machozi yalikuwa mbali kama kawaida yake. Karibu palikuwa na hasira, na leo hasira ilimsaidia.

"Katikati ya hayo mawe pana nini?" aliuliza kwa sauti kubwa.

Kisumbe akainua macho.

"Nimekuuliza, baba. Una orodha. Una jiwe la juu, namba yake unayo. Una jiwe la chini. Katikati pana nini?"

Bwana Kisumbe akafungua orodha. Akapeleka kidole kutoka juu kwenda chini, akageuza ukurasa, akarudi. Nyamizi, aliyesimama mlangoni na kitenge chake cha maua, alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona mtu mzima akibadilika rangi taratibu namna ile.

"Hapajaandikwa," alisema Kisumbe.

"Basi mnataka kukipigilia milele kitu msichokijua."

"Inabidi tuinue jiwe."

"Wanaume wanane na winchi," alisema fundi mkubwa. "Mpaka wiki ijayo."

"Au maji," alisema Sikitu. "Ukifungua lango, jiwe litatema lenyewe kila lilichonacho. Ila likizunguka tupu litaungua, nami najua linavyoungua. Linahitaji nafaka ya kusukuma." Akaingiza mkono chini ya kanga, akatoa kile kitambaa, akakifungua. Mahindi meupe.

"Hayo yameingiaje?" aliuliza Kisumbe, akiwa hoi.

"Yameingia, baba. Na kijana wako wa langoni amesema, kilichoingia kinatoka. Kitatoka unga."

*

Lango la maji halikufunguka kwa mtu mwingine. Mafundi walivuta wakashindwa. Sikitu akaweka bega pale alipokuwa akiweka bega Mahundi, ubao ukalia, ukapanda. Maji yakaingia mferejini yakiwa na majani na povu. Gurudumu likakataa. Likatetemeka, kuvu ikachanika, likakataa tena, halafu likasogea kidogo, na kidogo, na ghafla likakubali lote, na sakafu ya kinu ikaanza kutikisika chini ya nyayo za watu wenye mifuko ya kitambaa miguuni.

Mnajua sauti ilivyo. Hamjui. Ni sauti ya chini kuliko masikio, huanzia magotini. Miaka yote iliyokuwa imezuiwa langoni iliingia kwa mkupuo. Sikitu alikuwa na ishirini, na thelathini, na sitini na mitatu kwa wakati mmoja; alikuwa nje na kapu na ndani na ungo; alikuwa ameondoka na alikuwa hajaondoka, na aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba Vinuni haikuwa kuta na haikuwa watu. Watu walikufa na kuta zilipakwa chokaa. Kilichokuwa Vinuni ni hiki kilichobaki katikati kikipokezana. Na yeye ndiye aliyesema kitoke chote.

Akamwaga mahindi. Akainama kwenye mdomo wa kinu akiwa na kiganja wazi, akitegemea kupokea vumbi la mawe yaliyokufa.

Ulitoka unga mwekundu.

Akarudisha mkono, akautazama. Unga wa ulezi, laini, wa rangi ile ya udongo wa kichuguu, kama konzi moja hivi. Nyuma yake ndipo ukafuata mchanganyiko, wekundu na weupe, halafu weupe wa mahindi yake. Yeye siku ile alisaga mahindi na hakuacha punje. Mtu mwingine alisaga baada yake.

Wenye akili wataniuliza, unga wa miaka yote hiyo unakaaje bila kuliwa na wadudu? Kamuulizeni Kisumbe. Labda wadudu wa Vinuni nao hawakuwa kwenye orodha.

"Walinzi wa zamani wanasema," Nyamizi alisema karibu na sikio lake, kwa kuwa kinu kilikuwa kinanguruma, "kuna siku ilinyesha mvua ya mawe, kelele tupu, kila mtu amejifungia. Wanasema gurudumu lilisikika. Dakika chache tu. Wakadhani ni mvua."

Sikitu akaufumbata ule unga mwekundu. Uji wa ulezi ndio aliokuwa akiupenda; Mahundi aliupigia kelele kwamba unamchafulia mawe, akamsagia hivyo hivyo. Akawa anauangalia unga kwa jicho moja na lango kwa jicho jingine, na sauti ya mawe ilipoanza kupanda kidogo tu, sauti ile ya nafaka inayokaribia kwisha, akalitupa bega lake kwenye ubao akalifunga. Mawe yakasimama. Konzi moja ya mahindi ya ng'ambo ikabaki mle katikati, ikichanganyika na chochote kilichokuwemo. Watu hawakujua kwamba wameona jambo. Yeye alijua, akakaa sakafuni.

"Basi tumekiona," alisema Kisumbe kwa upole, kalamu ikiwa tayari. "Unga wa ulezi, konzi moja. Nashukuru, mama. Sasa, kwa mpangilio wa sherehe, mke wa msagaji anaonja, anasema neno, ndipo pini. Nyamizi?"

Nyamizi hakusogea. Alimwangalia yule aliyekaa sakafuni. "Leo siyo mimi," alisema.

Sikitu alitia kidole kwenye ule unga mwekundu ulioko kiganjani. Akauweka ulimini mkavu, kama kazi inavyotaka, akafumba macho.

Mwanzoni ulikuwa utamu mdogo wa ulezi. Halafu, kati ya ulimi na kaakaa, kitu. Akakitafuta kwa jino. Kikakwaruza. Chenga ya jiwe. Ndogo, kali, yenye pembe. Jiwe lililoungua halitoi chenga ya namna hiyo, linatoa vumbi butu, alilila mwezi mzima, analijua. Chenga yenye pembe hutoka kwenye jino jipya lililochongwa kwa tindo, jino ambalo halijasaga kitu kingine. Alikuwa amelichonga. Siku arobaini, labda mia, kwa yale macho na ile mikono, tindo amelifunga kitambaa wasimsikie. Akangoja mvua ya mawe, akasaga konzi moja ya unga wa kwanza, akalifunga lango konzi ikiwa bado mle katikati. Hakumwagia kuku, hakusaga ya pili. Kulikuwa na kazi moja iliyobaki na hiyo haikuwa yake. Akatuma ujumbe mara tatu, akaenda kukaa kwenye kiti.

Machozi yakafika. Yalikuwa yamesafiri mbali na yalifika yote. "Mahundi," alisema, mbele ya watu, bila aibu. "Mahundi, nimekuja. Nimechelewa mume wangu, lakini nimekuja."

Bwana Kisumbe alingoja kwa adabu, kama dakika nzima. Kisha akakohoa. "Mama. Neno."

Sikitu akafumbua macho.

"Bado," alisema.

"Nini?"

"Una mchanga. Bado."

"Kwenye mpangilio imeandikwa Tayari."

"Na kwenye ule ukuta wako imeandikwa nini?"

Wote wakageuka. Ulikuwa ubao wa zamani, wenye namba yake, umesafishwa na kupakwa vanishi na Kisumbe mwenyewe: *Mawe yakichongwa, mtu asiyaguse mpaka mke wa msagaji aseme Tayari.* Kisumbe aliusoma kana kwamba ni mara ya kwanza. Akawaangalia mafundi. Yule mwenye pini akaishusha taratibu kwenye kitambaa chekundu.

"Na itakuwa tayari lini?" aliuliza Kisumbe. Sauti yake ilikuwa imeshuka pia.

"Sijui, baba. Inasagwa tena, inaonjwa tena. Kesho niletee mahindi."

Kisumbe alisimama na orodha yake iliyokamilika miaka mingi. Akatafuta nafasi chini ya jiwe la juu, juu ya jiwe la chini, kwenye mstari mwembamba usio na namba. Akaandika: *Bado.* Akauangalia wino mpaka ukakauka.

Nje jua lilikuwa limehama. Nyamizi alifungua kile kitenge cha maua mekundu, ndani amevaa gauni lake la kawaida, akakikunja mara mbili, akaweka ungo juu yake, akampa Sikitu kwa mikono yote miwili.

"Saa kumi imefika, mama," alisema. "Pokea."

Sikitu akapokea. Akatoka kuelekea namba tisa, goti likimuuma, na ile chenga bado iko chini ya ulimi wake. Hakuitema.